Dunia Nzima Pamoja na Alunguli

Jumatatu, 5 Machi 1973
Studio yangu ya picha haifi tena! Padri wa misheni amenipa gazeti la Kifaransa: picha ya dunia nzima, imepigwa na watu waliokuwa wakienda mwezini. Duara la buluu, mawingu, Afrika mbele kabisa. Mbusa, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, ana pazia la kupigia watu picha, limechorwa ndege ya abiria. Harusi zote zinakimbilia kwake. Ndege kitu gani? Mimi nitachora pazia la dunia. Jumamosi Papa Kasimu, mzee wa Alunguli ng'ambo ya mto, anamwoza binti yake. Nikiipata harusi hiyo, mji wote wa Kindu utanifuata. Nikiikosa, nafunga mlango na kwenda kulima kwa baba mkwe.

Jumanne, 6 Machi
Gazeti limezunguka mtaa mzima wa Mikelenge. Mke wangu Kavugho ameona wingu juu ya Zaire, akapiga kelele: hiyo ndiyo siku ile mihogo yake ilinyeshewa, nami nikabisha kuwa kulikuwa na mvua! Jirani yetu Mama Sakina amekasirika. Watu gani hao wanaowapiga picha kutoka juu wanawake wakioga mtoni, bila hata hodi? Fundi baiskeli amesema mpiga picha ni ovyo, dunia ameikata miguu. Hapo nimemwelewa. Hapa kwetu picha isiyoonyesha viatu hurudishwa.

Alhamisi, 8 Machi
Pazia tayari. Zuri mno! Nimeweka doa jekundu: Kindu. Papa Kasimu akavuka mto kuja kuliona. Akainama, akauliza Alunguli iko wapi. Nikamwonyesha doa. Akasema doa liko upande wetu wa mto. Binti yake hawezi kupigwa picha mbele ya dunia ambayo baba yake hayumo. Akaelekea kwa Mbusa! Nikamkimbilia na brashi mkononi. Nimemwahidi doa lake. Kubwa.

Jumamosi, 10 Machi
Asubuhi nikapaka Alunguli. Majirani wakanuna, nikaongeza la Mikelenge. Nikapaka na bahari upya, ing'ae. Bwana harusi akaingia, mtu wa Kampene, amevaa koti la abakosti, jeupe pee. Akauliza: na Kampene je? Nikapaka Kampene.
Chumba changu kifupi. Ili viatu viingie pichani, nikawaambia maharusi warudi nyuma. Bado kidogo. Bado. Wakaegemea pazia, nikapiga, wakageuka. Mama yangu weee! Bibi harusi ana bahari mgongoni, bwana harusi ana Afrika. Papa Kasimu akashika kichwa. Mimi nikaliona jembe la baba mkwe.
Bwana harusi akavua koti, akalitazama. Kampene imetoka safi, nyekundu, katikati ya mgongo! Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalivaa tena. Jioni yote amecheza ngoma akiwapa watu mgongo, nao wakimfuata wakitafuta vijiji vyao. Hakuna aliyemkumbuka Mbusa na ndege yake.

Jumapili, 11 Machi
Picha zimetoka, viatu vyote vimo. Papa Kasimu ameridhika, ameniletea samaki. Kavugho anaimba jikoni. Nina raha sana! Ila pazia limebaki mabaka tu. Sichori dunia tena, ina watu wengi wa kununa. Nitachora mwezi: huko hakuna Mikelenge wala Alunguli. Nimeshaanza, kwa rangi ile ile. Haikauki upesi lakini inang'aa. Kesho kuna harusi nyingine.
Papa Kasimu amesimama nyuma yangu kuangalia. Ameuliza Alunguli itakaa upande gani wa mwezi. Nimempa brashi achague.