Malalamiko Kuhusu Ng'ombe Wachache Mno

Nyahanga, Kahama.

Kwa Baba Mdogo Maduhu,
Mwenyekiti wa Umoja wa Wafugaji, Kijijini.

Shikamoo Baba. Sisi huku wazima, ila biashara yangu inaumwa, na kwa heshima zote nakutaja wewe miongoni mwa walioleta ugonjwa huo.

Unajua niliacha kazi ya mshahara nikatengeneza programu ya simu ya kuwatunzia wafugaji kumbukumbu za chanjo, mimba na maziwa. Jumamosi umoja wenu unakaa kuamua kama mtainunua. Mkiikataa, nafunga ofisi. Sifichi, naogopa. Kwa hiyo nalalamika mapema:

1. Programu inaanza na swali moja la adabu: una ng'ombe wangapi? Wazee wote walioijaribu walijaza wawili. Nawapongeza kwa usawa huo. Sikujua kwamba vumbi linalofunga barabara ya Bugarama kila jioni, hadi malori yanawasha taa, linatimuliwa na ng'ombe wawili wawili.

2. Wewe mwenyekiti ulijaza sifuri, kisha ukaiuliza programu dawa ya kupe. Baba, kupe hao wanamng'ata nani?

3. Nilipokuuliza kulikoni, ulinitazama kwa huruma ukasema, "Ng'wana wane, mwanangu, unataka kujua ili iweje?" Chuoni hatukufundishwa kulijibu swali hilo.

4. Basi nikatii. Nimeondoa swali la idadi. Wazee wakasema majina ya ng'ombe nayo yanahesabika, nikayaondoa. Picha nazo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzihesabu, nikaziondoa. Sasa ukiifungua inakusalimia, inakuuliza habari za mvua, halafu inajifunga. Mzee Mwigulu ameisifu kuwa ndiyo programu yenye malezi. Ila anaomba bei ipungue, maana haina kitu ndani.

Hivyo naomba umoja utangaze rasmi kwamba mfugaji ni mtu asiye na ng'ombe, ili nilijue soko langu. Josho la kijiji nalo ligeuzwe bwawa la kuogelea, kwa kuwa hakuna mnyama wa kuogeshwa, na mnada wa wiki uuze viti vya plastiki. Kama hayo ni magumu, basi simama Jumamosi mbele ya wenzio, ujaze idadi ya kweli wakikuona. Ukianza wewe watafuata. Idadi ni idadi tu Baba, haijawahi kumloga mtu, na kizazi chetu kimeshaachana na mambo hayo.

Nisalimie Mama Mdogo Melania, watoto, na wazee wote wasio na mifugo.

Mimi mwanao mtiifu, japo nimenuna,
Mbuke.

Tanbihi: Wale ng'ombe wangu waliochanganyika na wa kwako, nakusihi usiwaingize kwenye programu. Wiliam, mume wangu, ndiye anayenisaidia kuikagua, na hajui kama nina hata ndama. Macho ya watu siyo mazuri. Akikupigia simu, sema wote ni wako.