Sketi Kumi na Mbili za Jubilei

Jumatatu, 10 Julai

Siku kubwa! Mama Léocadie, kiongozi wa kwaya ya wamama wa kanisa letu la Mulongwe, ameniletea vitenge kumi na viwili vya jubilei. Kila kitenge kimechapwa picha mbili: kanisa lenyewe, na uso wa marehemu Katekista Jean-Marie aliyelianzisha miaka hamsini iliyopita. Katekista huyo ni baba mzazi wa Mama Léocadie. Mama Léocadie ni mama mzazi wa Naomie. Na Naomie ndiye ninayetaka kumuoa tangu mwaka juzi. Basi maisha yangu yote yamelala kwenye meza ya kukatia.

Kazi ni sketi kumi na mbili, zifike Jumamosi tarehe 22. Kesho yake jubilei. Siku kumi na mbili, sketi kumi na mbili. Hata hesabu inanipenda.

Lakini Mama alipofika mlangoni aligeuka. Kilichobaki kati yangu na Naomie ni mahari tu, dote kama tunavyosema hapa, na siku ya dote anaipanga yeye. Akasema mbele ya mteja wangu, tena nilikuwa na mmoja tu: "Weye Ildephonse, mutu mwenye anashindwa kufikisha sketi siku yake, ataweza kufikisha dote siku yake?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mchana nilikwenda kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wadogo hapa Kimanga. Nilifuata soda, nikapata elimu. Mwalimu kutoka Bukavu alisema mtu hachelewi kwa uvivu, anachelewa kwa sababu hasikii haraka. Ajitie haraka mwenyewe, afanye kazi kana kwamba mwisho ni kesho. Nilisisimka mpaka soda ikanipalia. Nimerudi, nimesimama mbele ya vitenge, nimeisikia haraka mwili mzima. Inachosha mno. Nalala mapema.

Jumanne, 11 Julai

Nimesogeza saa ya ukutani mbele kwa saa moja. Sasa nitaishi nimechelewa, na aliyechelewa hukimbia. Asubuhi nilikimbia kweli. Saa nne nikakumbuka kwamba ni saa tatu, nikakaa kula mihogo kwa saa nzima niliyoipata bure.

Nikaisogeza mbele saa mbili zaidi. Kufikia mchana nilikuwa nimezoea kutoa tatu. Nimekuwa hodari sana wa kutoa. Hakuna kitenge kilichokatwa.

Ng'ambo ya barabara, fundi mwenzangu Vainqueur anashona sare za shule za Septemba. Septemba! Kwenye kibao chake ameandika "Leo kwa Leo". Ameniuliza kwa upole kama ninahitaji msaada. Nimemjibu kwa upole zaidi kwamba sihitaji. Simpendi.

Alhamisi, 13 Julai

Nimegundua kosa. Saa hainitishi kwa sababu siri yake naijua. Nimemwomba dada yangu Agathe, anayekaanga ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, mlangoni pangu, aisogeze kiasi anachotaka bila kuniambia. Amesema ana kazi, mimi sina. Kisha ameisogeza.

Sasa sijui ni saa ngapi hata kidogo. Nilikwenda Mulongwe kupima viuno vya wamama, sikukuta mtu. Nikangoja, nikachoka, nikarudi. Wamama walifika nilipoondoka. Wakapimana wenyewe, na vipimo vikaletwa kwa karatasi na nani? Na Naomie! Mpango umemleta mpaka mlangoni. Nahesabu kuwa ni mafanikio.

Aliuliza nimeshona ngapi. Nikamwambia bado niko kwenye kutafakari. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba mikeke ni ya leo.

Jumapili, 16 Julai

Aibu! Aibu ndiyo haraka ya kweli. Baada ya misa nimesimama uani na kutangaza mbele ya kwaya nzima, Vainqueur akisikia, kwamba sketi zitakuwa tayari Jumatano. Siku tatu kabla ya siku yenyewe! Wamama walipiga vigelegele. Mama Léocadie alisema basi Jumatano watafanya mazoezi wakiwa wamezivaa. Naomie alifumba macho. Nadhani kwa furaha.

Nimefurahi kana kwamba nimekwisha kuzishona. Jioni nimepumzika.

Jumatano, 19 Julai

Jumatano imefika upesi kuliko nilivyopanga. Vitenge vyote ni vizima. Umeme umekatika tangu jana. Ni kweli cherehani yangu ni ya miguu na pasi yangu ni ya makaa, lakini mtu anavunjika moyo.

Nimetuma neno kwamba nina homa. Wamama wamefanya mazoezi na sketi za zamani. Mchana Naomie ameniletea uji kutoka kwa mama yake, na ujumbe: Jumamosi, kabla jua halijaingia nyuma ya milima. Likiingia, habari ya dote isitajwe tena nyumbani kwao. Halafu Naomie akaongeza lake mwenyewe, bila kukasirika, na hapo ndipo niliogopa. Alisema amechoka kunitetea.

Imeniuma. Sina mzaha hapa. Nampenda Naomie, na sijawahi kumwona amechoka namna ile. Uji nilikunywa wote, lakini kwa uchungu.

Alhamisi, 20 Julai

Nimepata dawa! Rafiki yangu Emery ana pikipiki yenye honi inayotawanya ng'ombe wa Bijombo wakishushwa sokoni. Nimemwomba aegeshe mlangoni na apige honi bila kukoma mpaka nimalize kukata. Agathe amehamisha karai la ndagala na hasemi na mimi.

Lakini inafanya kazi! Moyo unadunda, mikono inaruka. Kwa nini nikate kimoja kimoja? Nimevipanga vitenge vyote kumi na viwili, kimoja juu ya kingine, upande wa ndani ukiwa juu ili chaki ionekane. Nikachora mara moja, nikashika mkasi mkubwa, nikakata vyote pamoja. Kazi ya siku tatu kwa honi moja!

Vainqueur ametoka kulalamika, nilidhani. Alichungulia meza yangu, akainua ncha ya kitenge, akapiga kelele, lakini kwa honi ile sikusikia kitu. Akaanza kuonyesha kwa mikono. Alionyesha vitenge vyangu, akageuka, akajipiga matakoni mara tatu. Mtu mzima! Baba wa watoto wanne! Nimemgeuzia mgongo.

Jumamosi, 22 Julai

Nimeshinda! Nimeshona jana kutwa na leo kutwa, Emery akipita kila mara kupiga honi. Nimepiga pasi kwa ndani ili rangi isiungue, nikakunja kila sketi mara nne, nikafika Mulongwe jua likiwa bado juu ya milima. Mama Léocadie amehesabu kumi na mbili, akahesabu tena. Mbele ya sketi kuna kanisa letu, limekaa sawasawa katikati. Akasema asante, mwanangu.

Mwanangu! Naomie amenisindikiza mpaka barabarani. Hajanisindikiza tangu Pasaka.

Nimepita makusudi mbele ya atelie ya Vainqueur, pale anaposhonea. Alitaka kuniambia jambo. Nimemwambia siku nyingine.

Jumapili, 23 Julai

Sijui niandike nini.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya iliingia kwa kucheza, Mama Léocadie mbele. Kutoka mbele walipendeza, machozi yalinitoka. Kisha wakanipita, nami nikaona nyuma.

Katekista Jean-Marie. Mara kumi na mbili. Uso wake mwema, na miwani yake, pale pale ambapo mtu hukalia. Na kwa kuwa wamama walikuwa wanacheza, naye alikuwa anacheza.

Nilielewa kila kitu alichonionyesha Vainqueur.

Mama wa mwisho kwenye mstari ndiye aliyeona wa kwanza. Alimnong'oneza wa mbele yake, naye wa mbele yake, na nilitazama habari ikienda taratibu mpaka kwa Mama Léocadie. Hakugeuka. Shingo tu ilikakamaa. Walipofika kwenye mabenchi yao, padri alitoa ishara tukae. Kwaya haikukaa. Nani angemkalia Katekista? Nani angeanza, naye binti yake amesimama?

Mzee mmoja wa benchi la mbele aliona kwaya imesimama, naye akasimama. Wenzake wakamfuata. Mwishowe kanisa zima lilikuwa wima, na likabaki wima kwa misa iliyochukua saa tatu na nusu, mahubiri ndani yake. Vainqueur anaumwa magoti. Nakiri hilo lilinifariji kidogo.

Mwisho, padri alisema kwa sauti inayotetemeka kwamba hajawahi kuona heshima kama hiyo kwa marehemu. Akauliza ni wazo la nani. Kanisa zima likamtazama Mama Léocadie. Akainamisha kichwa, akasema ni la kwaya. Wakampigia makofi.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Jumatatu, 24 Julai

Mama Léocadie ameniita. Nilikwenda na kofia mkononi. Naomie alikuwa amekaa karibu na mama yake, amejiziba mdomo kwa kanga, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka tangu jana.

Mama hakucheka. Alisema padri amekwisha kumsifu, kwa hiyo hawezi kunifukuza bila watu kuuliza sababu. Alisema pia kwamba sketi zilifika siku yake, na neno lake ni neno. Kwa hiyo dote ameipanga: Jumamosi, tarehe 30 Septemba. Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia kwa mkono na kunirudishia zile sketi zote, pamoja na vipande vya vitenge nilivyompelekea Jumamosi. Baba yake atolewe pale alipo, kwenye zote kumi na mbili, kabla ya siku hiyo. Bila hivyo wajomba zangu wasijisumbue kuja.

"Minye jana nilisimama saa tatu na nusu," akasema. "Siku ya dote nitataka kukaa, Ildephonse."

Nimerudi Kimanga nikiimba. Nimepita kwa Vainqueur. Amesema atanisaidia, tuanze leo hii, kila siku sketi mbili. Nimemshukuru, nikakataa. Hakuhudhuria mafunzo yale, hajui. Kosa langu halikuwa haraka, lilikuwa haraka kidogo mno. Saa moja mbele! Saa tatu! Ni mchezo wa watoto.

Nimeandika ukutani kwa chaki kwamba leo ni tarehe 24 Septemba. Zimebaki siku sita! Damu imenichemka palepale, nikashika mkasi.

Halafu nikatoa miezi miwili. Nimelala kidogo.