Mlango wa Dharura wa Namba Tisa

"Ngazi ya pili haijengwi."

"Basi na karatasi haitoki."

"Hapo unapotaka kuweka ngazi ni chumba namba tisa. Namba tisa dirisha lake linatazama soko. Unajua watu watagombea kulala hapo?"

"Watagombea, ndiyo. Halafu watafia hapohapo."

"Usinitabirie msiba kwenye nyumba yangu, kijana."

"Sikutabirii, mzee, nakusomea kitaalamu. Chini umejaza mapipa ya mafuta ya taa na magodoro. Katikati ukumbi wa video. Juu vyumba tisa, na kwa baridi hii ya Sumbawanga mwezi wa sita kila mgeni atalala na jiko la mkaa mvunguni. Ngazi moja. Madirisha yote nondo. Siku likiwaka, huku juu hakuna wageni, kuna mishikaki."

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyeingia Rukwa na ng'ombe wake miaka hiyo ya nyuma, akatafuta malisho, akatajirika. Ruksa ilipotoka, kila mtu akaambiwa afanye biashara, naye akauza nusu ya kundi akapandisha ghorofa tatu mjini. Mchoro wa ghorofa hilo ulikuwa kichwani kwa fundi Wilibrodi, na kichwa cha fundi kilikuwa kilabuni.

Kijana aliyekuwa anambishia aliitwa Kasmir, mtoto wa mtaa wa Kasense, na alikuwa injinia wa moto tangu Jumanne.

Jumanne hiyo alikuwa anakunywa chai kwa Leonia pale stendi, chai ya kukopa, akamsikia wakala wa bima toka Mbeya, bwana mmoja Evaristi mwenye kitambi na mkoba, akimwambia Mzee Masanja kwamba kampuni haiandiki bima ya ghorofa bila mpango wa moto uliosainiwa na mtaalamu. Masanja bima aliitaka kufa. Alikuwa ameelezwa kwamba nyumba ikiungua unalipwa nyumba nzima. Katika maisha yake yote ya ufugaji hajawahi kuona mnyama wa namna hiyo. Ng'ombe akifa unabaki na ngozi.

"Sasa huyo mtaalamu anapatikana wapi?" Masanja akauliza.

"Dar," akasema Evaristi.

Kasmir akaweka kikombe chini. "Dar ya nini, wazee wangu?"

Utaalamu wa Kasmir ulikuwa huu: darasa la sita, halikuisha. Miezi mitatu ya kuosha gari la zimamoto Mbeya, siku moja wakamwachia apige honi. Na kurasa nne za kijitabu cha mambo ya moto ambazo Leonia alikuwa anafungia karanga. Kwa mji uliokuwa unaendeshwa vile, huyo alikuwa msomi. Alichokosa ni koti na kofia. Akaenda Laela kwa Mathias mchinjaji, akamuuzia madume matatu ya ng'ombe ambayo bado hayakuwa yake, akapewa baiskeli mpya kama kishika maneno, malipo ya kutanguliza. Baiskeli akaigeuza siku hiyohiyo: koti la mitumba lenye mifuko sita, kofia ngumu ya njano, futi kamba na makopo mawili ya rangi. Mathias akamwambia kitu kimoja tu, "Ijumaa nakuja na lori." Mathias hasahau, na kazi yake inampa visu.

Kwa hiyo madume lazima yapatikane, na Kasmir alijua mtu kama Masanja anatolewaje ng'ombe. Unamtajia kwanza kitu cha kumuua. Ndiyo maana akaitoa ile ngazi ya pili kwenye karatasi ya karanga. Kila alichosema kilikuwa kweli tupu, na yeye mwenyewe hakuamini hata neno. Alimwacha mzee apige hesabu ya tofali, saruji na chumba namba tisa kinachopotea, mpaka jasho likamtoka kwenye baridi. Kisha akashusha pumzi kama daktari mwenye huruma.

"Kuna njia ya kitaalamu, mzee. Ila sijui kama nikwambie."

"Niambie."

"Ngazi tunaiacha. Tunaweka mlango wa dharura."

"Mlango si utatoboa ukuta wangu?"

"Hautoboi. Tunauchora."

Masanja akamtazama. Kasmir hakupepesa. Mtu mzima, mwenye ghorofa, mwenye ng'ombe mia, akafikiri kidogo, akauliza swali moja la maana kuliko yote aliyouliza wiki ile.

"Rangi gani?"

"Kijani. Kimataifa ni kijani."

Wakashikana mikono kwa madume matatu, yaje kutolewa Ijumaa, mbele ya Evaristi, karatasi ikisainiwa.

Siku mbili Kasmir alifanya kazi, na sema utakavyosema, mikono alikuwa nayo. Ukutani mwa namba tisa akachora mlango mzuri kuliko milango yote ya nyumba ile, wenye bawaba, kitasa na tundu la ufunguo. Akapaka ndoo sita rangi nyekundu, akajaza mchanga, akazipanga kwenye korido. Akachora mishale ya kijani toka kila chumba kwenda kwenye ule mlango. Mgeni yeyote anayejua kufuata mshale angekimbia vizuri kabisa, akajigonga ukutani.

Alhamisi mke wa mzee akapanda kutazama. Mama Kija, jina lake Kabula, mwanamke wa maneno machache aliyevaa mgolole na raba za wanaume. Kasmir akamsalimia shikamoo ya haraka, shikamoo ya mtu anayetaka umri wako upite.

"Marahaba. Hiyo karatasi ndiyo nyumba?"

"Ndiyo mpango wenyewe, mama. Ila ni kitaalamu kidogo."

Kabula hakujua kusoma. Akaiweka karatasi sakafuni, akachuchumaa, akapitisha kidole taratibu: vyumba, korido, ngazi. Akarudi tena mwanzo.

"Hili zizi lina lango moja."

"Siyo zizi, mama, ni gesti."

"Wanaingia hapa, wanalala hapa, wanatoka hapa. Nyie mnaitaje?" Kidole kikatulia kwenye ngazi. "Kule Nkasi moto wa nyika uliwahi kuingia kwenye boma letu. Miiba imekauka, lango moja. Ng'ombe thelathini na mbili. Hata hawakuungua sana. Walikufa pale langoni, wamekanyagana. Baba Kija aliwavuta miguu kuwatoa, mmoja mmoja. Akaapa hajengi tena zizi la lango moja."

"Basi ndiyo maana ameniita mimi."

"Na hiki cha kijani?"

"Mlango wa dharura."

Kabula akainuka, akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Unafunguka?"

"Mlango wa dharura, mama, unafunguka siku ya dharura."

Akamtazama Kasmir muda mrefu kidogo, vile mfugaji anavyomtazama ng'ombe anayeuzwa jioni jioni.

"Unajua nani atalala chumba hiki?"

"Mgeni mwenye bahati."

"Kija. Binti yangu. Baba yake amesema ashike funguo za gesti na alale humu, mpaka wageni wazoee." Akakunja karatasi, akamrudishia. "Nina mmoja tu."

Kasmir alisikia kitu kifuani, akadhani ni karanga. Alikuwa na lori la Mathias la kufikiria.

Ijumaa saa nne asubuhi madume matatu yalikuwa yamefungwa nyuma ya jengo. Lori la Mathias limeegeshwa ng'ambo ya barabara, Mathias mwenyewe kaegemea mlango. Evaristi ameshuka basi, ameshakunywa supu, kalamu iko mkononi. Bwana wa bima huyo hakuwa na nia ya kukagua kitu. Yeye alikuwa analipwa kwa karatasi, na karatasi haina ngazi.

"Mpande mkaone wenyewe," Kabula akasema. "Mtu asije akasema bima iliandikiwa kwenye kibanda cha chai."

Wakapanda, Masanja mbele, Evaristi anahema, Kasmir nyuma na kofia yake. Wakaingia namba tisa. Kasmir akasimama mbele ya mlango wake, akaanza kuhutubia.

"Waheshimiwa, moto una tabia tatu."

Hakufika ya pili. Harufu iliingia kwanza, halafu moshi wenyewe, mzito, wa njano, unatambaa sakafuni toka kwenye ngazi. Ulikuwa moshi wa samadi mbichi, ule wanaoufukiza wafugaji zizini jioni kufukuza nzi. Hauna moto, hauunguzi hata unyoya, lakini macho yanakwisha.

"Nini hicho?" Evaristi akauliza.

"Nani anachoma nini huko chini?" Masanja akapiga kelele.

Wakakimbilia ngazi wote watatu. Juu ya ngazi kulikuwa na geti la nondo, Masanja aliliweka mwenyewe ili mgeni asitoroke alfajiri bila kulipa. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli la Masanja. Nyuma ya geti, kwenye ngazi, makarai matatu ya samadi yalikuwa yanafuka kwa utulivu kabisa.

Evaristi akajaribu kupita katikati ya nondo kwa kuanzia kitambi. Masanja akamkanyaga. Kasmir akawakanyaga wote wawili. Kwa dakika nzima pale getini hapakuwa na injinia, wala tajiri, wala bima. Palikuwa na mifugo.

Wakarudi namba tisa wanakohoa. Mishale ya kijani iliwaongoza vizuri sana.

"Injinia," Masanja akasema, machozi yanamtiririka, "fungua mlango."

"Mzee."

"Fungua mlango, nakufa."

"Mzee, si unajua ule mlango."

Alijua. Rangi aliiuliza mwenyewe. Lakini moshi ukishakuingia unamwamini hata aliyekuibia. Mzee Masanja, mwenye ghorofa la kwanza mtaa ule, akanyoosha mkono akashika kitasa. Akakizungusha. Akajaribu tena kwa mkono wa kushoto.

Dirishani kikagongwa chuma. Kabula alikuwa nje, juu ya ngazi ya miti ya mafundi, kajifunga mgolole puani. Akapenyeza mtarimbo katikati ya nondo.

"Mlango mmeshauchora," akasema. "Haya, ufungueni."

"Mama Kija," Masanja akalia, "fungua geti kwanza, mke wangu."

"Funguo anazo Kija. Siku likiwaka, Kija atakuwa amelala namba tisa, baba. Hawezi kufika."

Masanja akageuza kichwa kama mtu aliyesikia ng'ombe wakilia mbali, ng'ombe wa zamani. Halafu akauchukua mtarimbo, akampa Kasmir.

"Toboa."

"Namba tisa itaharibika, mzee."

"Toboa, nisije nikautoboa kwa kichwa chako."

Kasmir hakuwahi kufanya kazi ya nguvu tangu aache shule, na aliacha shule kwa kukwepa zamu ya kulima. Siku hiyo alifanya. Alipiga kwenye kitasa, kwenye bawaba, kwenye tundu la ufunguo. Bahati yake, Masanja alikuwa mbahili wa saruji, tofali zilishikana kwa udongo na dua. Kofia ya njano ilimdondoka, Evaristi akaigeuza kuwa ya kuchotea mchanga wa ndoo, akawa anaurusha kwenye moshi, kitu ambacho hata kijitabu cha karanga hakikusema. Ukuta ukaanguka nje na mwanga ukaingia. Ngazi ya miti ilikuwa imeshasogezwa pale pale, inawasubiri, na fundi Wilibrodi kaishikilia chini.

Masanja akashuka kwanza. Evaristi akamfuata, mkoba ameuacha, kalamu anayo. Kasmir akashuka mwisho, mikono imechubuka, amepauka vumbi kama aliyetolewa kaburini kabla ya muda.

Kitu cha kwanza alichotazama ni vigingi. Vigingi vitatu, kamba tatu, ng'ombe hakuna.

"Madume yangu yako wapi?"

"Yako njiani kwenda kwa Wilibrodi," Kabula akasema. "Kija anayaswaga. Ngazi ya zege, toka hapo ulipotoboa mpaka chini. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema inahitajika."

"Nilikubaliana na mzee."

"Muulize mzee."

Masanja alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, vidole vyake vina rangi ya kijani. Hakumtazama Kasmir. Alikuwa anatazama lile shimo juu.

"Geti nalo litoke," akamwambia mkewe. "Na Kija alale nyumbani."

"Na bima je?" Evaristi akauliza, kwa sababu watu wengine hawafundishiki. "Nisaini au nisisaini?"

Mathias mchinjaji alikuwa ameshavuka barabara. Alitembea bila haraka, mikono mfukoni, akasimama karibu na Kasmir, akatazama vigingi, akatazama kamba, akahesabu zote bila kusogeza midomo.

"Injinia," akasema, "mambo."

"Poa, mshikaji. Yaani, bro, kuna kaharufu ka tatizo kametokea."

"Baiskeli yangu iko wapi?"

Kasmir akageukia kwa Kabula. Maneno yote aliyokuwa nayo wiki nzima yalikuwa yamebaki kule juu kwenye moshi. "Mama," akasema. "Mama Kija. Nimewatobolea mlango kwa mikono yangu. Si nastahili hata dume moja?"

Kabula akaokota kofia ya njano iliyoangukia kwenye kifusi, akaikung'uta mchanga kwa makofi mawili, akamvika kichwani. Akamweka sawa ukanda wa kidevuni, kama mama anayempeleka mtoto shule.

"Mtaalamu hakosi pa kutokea," akasema. "Chora."

Akachukua karai lake, akageuka, akaondoka zake kwenda kumwonyesha Wilibrodi pa kuanzia kuchimba msingi.