Kila Upande ni Kaskazini

Kwa niaba ya Kamati ya Uratibu wa Mpango wa Pamoja wa Utafiti wa Ardhi Chini ya Barafu, mimi Mwenyekiti nina furaha kuutangazia umma kwamba Mpango umekamilika, umepitishwa na umeanza kutekelezwa. Natangaza haya nikiwa na afya njema, ingawa baadhi ya vidole vya mguu wa kushoto havijawasilisha taarifa tangu asubuhi.

Wapo wanaouliza nchi ambayo hata friji za ofisini hazigandishi maji ina shughuli gani na Ncha ya Kusini. Hayo ni maswali ya vijiweni. Ardhi ni moja, na ikitikisika kule, hatuwezi kuachia vikombe vyetu vya chai vitikisike bila mpango.

Taasisi zetu nne kila moja ilikuwa na mpango wake. Mbili zilikuwa na mashine za kutoboa barafu, urudufu wa wazi kabisa. Nikaagiza moja itoboe kwenda chini, nyingine ishughulikie kurudi juu. Kisha ukazuka ugomvi wa maeneo. Taasisi moja iliomba upande wa kaskazini wa kituo cha nchani, na zilizobaki, kwa kuona mwenzao anajua kitu, zikautaka huohuo. Tukakaa vikao, watu wakanuniana, chai ikapoa. Mwisho mchora ramani akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Pale nchani kila upande ni kaskazini."

"Nani kaidhinisha hilo?"

"Ni dunia tu, mzee. Ndivyo ilivyo."

Nikaandika azimio kwamba maombi yote yamekubaliwa. Wakapiga makofi. Ninaomba siku ile ikumbukwe.

Makamu wangu ni mtaalamu wa mitetemo ya ardhi. Ofisini tunamwita Mama Tetemeko, japo ni mpole, hana maneno mengi, na ana tabia mbaya ya kumaliza mambo. Misimu miwili iliyopita alikwenda kule akafukia chombo chake cha kusikilizia ardhi, na tangu hapo roho yake iko huko. Theluji ya kule ikianguka haiyeyuki, kwa hiyo kila msimu chombo kinazidi kuzama. Msimu huu sepetu bado ingekifikia. Ukipita, ndiyo basi tena.

Siku moja nilikwenda kung'oa jino, akaniongozea kikao. Niliporudi, shavu limevimba, nikakuta ajenda zote zimekwisha kabla ya chai. Kabla ya chai! Ilituchukua muda mrefu kurudisha mambo yalipokuwa. Ndipo nikatunga Kifungu cha Uwepo: hakuna kikao halali bila Mwenyekiti kuwamo ukumbini, yeye mwenyewe, si kwa simu wala redio, na hakuna mtu atakayeondoka kituo cha nchani bila idhini ya kikao halali. Nilitaka kubana kotekote, na nilibana.

Ndege ikapatikana, ina nafasi moja. Makamu akaja ofisini kwangu na begi mgongoni, sepetu mkononi.

"Mzee, nimekuja kuaga."

"Unaaga kwenda wapi?"

"Si kule kwenye chombo changu."

Nikamweleza kwa upole kwamba safari ya nje, hasa ya kwanza katika Mpango, ni ya mkuu.

"Mzee, kule si semina. Ni kuchimba."

"Nitafanya tathmini. Halafu nitapiga picha na pengwini."

"Pengwini wako pwani, mzee. Kule ndani hakuna hata inzi."

"Hilo tutaliangalia."

Niliona machozi yanamlengalenga, na kusema kweli nilimwonea huruma, nikampa likizo. Akaiegemeza sepetu kwenye meza yangu.

"Basi nenda na hii. Na kile Kifungu chako, umekisoma?"

"Dada yangu, nimekiandika mimi."

"Sikuuliza hivyo."

Kituo ni kizuri. Kila kitu ni cheupe, jambo linalorahisisha usafi. Wiki za mwanzo nilizunguka juu ya eneo la chombo nikiwaza muundo wa kamati ndogo ya uchimbaji, lakini mpishi na fundi wa kituo walidai wana kazi. Makamu alinipigia redio kila asubuhi.

"Umeanza, mzee?"

"Tuko kwenye hatua ya maandalizi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na sepetu."

"Chimba, mzee."

Nikachimba. Viganja vikatoka malengelenge, mgongo ukagoma, nikaendelea. Siku sepetu ilipogonga chuma nilipiga kelele za furaha peke yangu nje kule, sijui kwa nini. Mama Tetemeko alilia redioni waziwazi. Mimi pia nililia, kwa niaba ya Kamati.

Ikaja ndege ya mwisho ya msimu. Rubani, mtu wa taratibu, akaomba kuona idhini yangu ya kuondoka. Nikakimbilia redio, nikaamuru Kamati ikae mara moja.

"Haiwezi kukaa, mzee," Makamu akasema. "Mwenyekiti hayupo."

"Mwenyekiti si mimi? Nipo!"

"Upo ukumbini?"

Nilitazama dirishani. Kweupe kotekote.

"Na chombo je?" rubani akauliza.

Kifungu kinasema mtu. Hakisemi chombo. Basi kikakalishwa kwenye kiti changu, kikafungwa mkanda, kikafunikwa koti langu la akiba, kikaenda zake.

Sasa jua limezama, na litarudi pamoja na ndege baada ya nusu mwaka. Nasikia taasisi zetu, kwa kuwa hazina kikao, zinapigiana simu tu na kazi inakwenda. Nitalishughulikia hilo. Mama watoto aliniuliza redioni, "Baba, kwani huwezi kutoka ukafuata njia ya nyumbani?" Nikamweleza kwamba nyumbani ni kaskazini, na hapa kila upande ni kaskazini. Nimewakumbuka mno, na sina wa kumwandikia dokezo.

Jana Makamu akanisomea matokeo ya kwanza ya Mpango. Chombo kimesikia matetemeko ya mbali, na kimesikia barafu ikijikokota juu ya mwamba, mambo ambayo dunia nzima itayataka. Ila kuna jambo moja mwishoni lililowashinda wataalamu.

"Ni mtetemo mdogo, mzee. Chanzo chake kizito, kiko juu kabisa. Kinazunguka palepale, wiki baada ya wiki, hakuna kinachofanyika. Halafu ghafla kinaanza kuchimba. Ile sehemu ya kuzunguka tuiiteje?"

Matokeo hayachapishwi bila Mwenyekiti kuridhia, na kwa bahati nzuri hilo Kifungu hakikulikataza kwa redio. Nikajiweka sawa, nikakohoa kidogo.

"Huo ni uratibu," nikamwambia. "Andika. Nimeidhinisha."