Chombo cha Zuhura Kuzinduliwa Kivulini

Jumamosi, tarehe 14 Februari

Baba, shikamoo huko uliko. Leo wamezindua chombo ulichokihangaikia mpaka ukatuacha. Hotuba ya Mkurugenzi nimekunukulia yote, maana ungekuwepo ungecheka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mwakilishi wa Makamu, ambaye naye amewakilishwa, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Leo, kwa maono yangu binafsi, nawakabidhi chombo kitakachotua kwenye sayari ya Zuhura, ambako joto ni nyuzi mia nne na sitini na hewa hukandamiza chuma kama mguu wa tembo juu ya kopo. (Mama mmoja: 'Sasa mbona mmekificha chini ya turubai?') Swali zuri, mama. Kimewekwa kivulini kwa sababu za kimkakati, kwa kuwa jua la saa nne lilikuwa limeanza kukikunja miguu. (Kicheko.) Msicheke! Utafiti shirikishi, uliofanyika ofisini kwangu, umethibitisha ustahimilivu wa asilimia mia moja na kumi na mbili! (Makofi ya meza kuu.)

Wapo wanaodai eti fundi mmoja wa karakana yetu, marehemu, alifungia saa ya ukutani ya mkewe ndani ya sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, akashindilia katikati pamba ya tanuri, ile isiyoungua wala kupitisha joto, akazitia kwenye tanuri la matofali, na mishale ikazunguka saa tatu nzima. (Mimi: 'Si madai! Niliyekuwa nikihesabu ni mimi!') Dada, punguza jazba. Jaribio lile halikuwa na muhuri. Hata hivyo, sufuria hatukuzitupa: chai mnayokunywa imepikwa alfajiri na imekaa humo, na hadi sasa inaunguza ulimi. (Mwenyekiti anatua kikombe.) Zuhura! (Wachache: 'Tutafika!') Joto! (Mmoja: 'Halituwezi!') Nawashukuru wote, hasa vijana waliopaka rangi maboksi haya, tukapata cha kupigia picha wakati tukitafuta fundi wa kuanza kazi yenyewe."

Wakaenda kupiga picha. Mimi nikaenda jikoni. Mpishi alisema tu, "Pole, mwanangu," akamwaga chai iliyobaki na kunipa sufuria zako. Saa ya Mama iko ukutani kwetu, inakwenda. Sufuria nimefika nazo nyumbani, na ndani bado zina joto.

Nikumbuke, Baba.