Mkusanyaji na Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Mama anakuja Ijumaa. Balaa! Miaka kumi na moja namwambia kwamba jina la marehemu baba limo kwenye sampuli ya mtambaa wa jangwani, hapa kwenye hifadhi ya mimea mikavu ninakonakili rejista. Leo nimekagua karatasi zote arobaini na tatu za mtambaa ule. Baba hayumo. Moja tu, ya safari aliyoendesha gari yeye, inasema: "Mkusanyaji: Daktari, pamoja na dereva." Dereva! Na baba ndiye aliyeuona mmea wenyewe, akibadili gurudumu. Nimeumia.

Jumanne, 5 Machi

Akili ni mali. Nyuma ya choo cha ofisi umeota mtambaa wa kufanana na ule. Ukikauka, nani atajua? Nimekata tawi, nimelilaza ndani ya gazeti, nimelipiga pasi, kisha nimelikalia. Lebo nimeipaka chai ionekane kongwe. Jina la baba, mchanga mwekundu, mwaka wa safari. Kazi safi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeiingiza kabatini. Miwani, msimamizi wa makabati, hasimu yangu tangu aninyang'anye kiti cha dirishani, alipita akanitazama. Nikapiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenaswa! Hapa kila sampuli hubaki na gazeti lililoikausha. Ndiyo kanuni, naijua kuliko jina langu. Nami safari ya miaka thelathini na nane iliyopita nimeilaza ndani ya gazeti la juzi. Lenye chemshabongo. Iliyojazwa na Miwani mwenyewe! Aliniuliza kama marehemu ndiye aliyekwama kwenye neno la saba. Nikamweleza habari za mama. Akaichana karatasi kabla mkuu wa hifadhi hajaiona. Jina la baba likachanika nalo.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kaja, kavaa viatu vya arusini. Miwani akatuletea karatasi halisi, ile ya "dereva". Nikakiri. Mama akasema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu imejikongoja sana. Kisha akaiinamia karatasi. Shina limeshonewa kwenye karatasi kwa uzi wa buluu. Akasema uzi ule ni wake. Alimfungia baba sindano na uzi kwa ajili ya kifungo cha suruali, na ule mshono wa kwenda upande alimfundisha yeye mwenyewe, wala baba hakuuweza hadi anakufa. Akaugusa kwa kidole kimoja. Tulilia wote. Miwani akafuta miwani yake muda mrefu.

Anasema lebo ya zamani haifutwi, lakini karatasi ndogo ya masahihisho yaweza kubandikwa kando, ikitaja jina na ushahidi. Ameandika maneno ya mama, mkuu ameyatia sahihi. Mwandiko mzuri ni wangu, kwa hiyo nitaiandika mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika jina la baba kwa herufi kubwa. Nimelitazama mpaka chai ikapoa. Sasa mama hatadanganywa tena.

Mbele ya jina imebaki nafasi kidogo. "Na mwanawe" inaenea kabisa. Nilizaliwa miaka mitatu baada ya safari ile, lakini nani atahesabu? Miwani ameomba aione kabla ya kuibandika. Nimemwambia asubiri, wino haujakauka.