Msumari Hauna Namba

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Spika imefika! Imekuja juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wanaume wanne wameishusha. Mimi nimesimamia. Kusimamia nako ni kazi.

Mgiriki wa shamba la mkonge amerudi kwao. Nimekuwa mlinzi wake tangu kabla ya vita ya Hitla, na kaniachia gramafoni ya umeme na spika yake. Si spika hizi za kutegemea redio. Hii ina mashine yake tumboni, taa kama bilauri mgongoni, na waya wake yenyewe wa kunywea umeme. Imelipita kabati la dada yangu kwa kimo na kwa heshima.

Dada yangu ni Hidaya. Nyumba ni yake, kama nyumba nyingi za Waluguru zilivyo za wanawake. Mimi nina chumba cha mbele, chenye taa moja na soketi moja. Binti yake Asia ni mwali, yuko ndani tangu masika. Atatolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwetu mjomba ndiye anayemshika mwali mkono mlangoni na kumtoa mbele ya watu. Mjomba ni mimi. Bahati mbaya mjomba ni Pazi pia, mdogo wangu wa Kinole, mtu wa ndizi na mdalasini, anayesema maneno matano kwa mwezi.

Nimewatangazia wote: mwali wetu atatoka kwa spika, hatatoka kwa ngozi ya mbuzi! Mikidadi mpiga ngoma akacheka mpaka akashika ukuta. Huyu ni mtani wangu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo anaweza kunitukana mbele ya sheikh, na nikinuna mimi ndiye mvunja mila. Kasema mdomo wangu mmoja ulikuwa unatosha kuusumbua mji, sasa nimeongeza wa pili wenye waya. Nikamwambia ngoma yake akaanikie dagaa.

Hidaya kakata shauri. Spika ikilia, Kaka Dadi, yaani mimi, atamtoa Asia. Ikituaibisha, atamtoa Pazi, nami nitakaa jikoni kupepea kuni. Nimekubali upesi kabla hajafikiri vizuri.

Jumatano, 3 Agosti

Nimetandaza waya. Ni mrefu, na Mikidadi ana mikono mirefu. Basi nimeubana chini ya mguu wa kitanda changu cha chuma, nikakaa juu ya kitanda kwa uzito wangu wote. Sasa aje aibe!

Nikawasha. Taa za mgongoni zikaona haya, zikawa nyekundu. Spika ikakohoa kama khatibu kabla ya hotuba. Nikajivuta kitandani nisikie vizuri. Kitanda kikalia. Pap! Kimya.

Hidaya kachungulia mlangoni, kauliza kama huo ndio wimbo wenyewe au bado.

Nimefungua plagi kwa kisu cha vitunguu. (Niliichomoa kwanza ukutani. Mimi si mjinga.) Ndani kuna kidude cheupe kama kipande cha chaki, kimevaa kofia ya shaba huku na huku. Fyuzi hiyo. Imeandikwa 3.

Tatu! Mzigo wa wanaume wanne, umewekewa tatu! Ni sawa na kumvalisha mndewa, mkuu wa ukoo, kaptula siku ya tambiko. Ndiyo maana imegoma. Hata mimi ningegoma.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Agustino, fundi wa redio. Mtu wa Matombo, Mkristo, alipigana Bama na hajaacha kutuambia. Kofia ya jeshi haivui hata akila.

Nikampa fyuzi iliyokufa. Kaigeuza, kainusa, kaniuliza mgongoni mwa spika pameandikwaje. Nikamtajia. Akasema hesabu ni nyepesi: chukua hiyo namba, igawanye kwa nguvu ya umeme wa ukutani. Jibu halifiki hata moja. Lakini spika ikiamka huvuta pumzi kubwa mara moja, basi iwekee fyuzi inayofuata juu yake kidogo. Tatu. Akasema Mgiriki hakukosea.

Mimi nilisoma madarasa mawili wakati wa Mdachi. Mwalimu alitufundisha kuzidisha mpaka tukaweza, akahamishwa kabla ya kugawanya. Nikazidisha. Jibu lilitoka kubwa sana. Sikumwambia.

Nikamwomba ya 13. Kakataa! Kasema kumi na tatu ni ya pasi na birika, vitu vyenye kiu. Akatoa hotuba. Eti fyuzi ni mlinzi wa waya, na kazi ya mlinzi huyu ni kufa kwanza ili nyumba ipone. Nikamwambia mimi nimelinda mkonge maisha yangu yote na sijafa. Akajibu kwamba wote wanajua nililindaje, mpaka wezi walikuwa wananifunika blanketi.

Mara mbili kaniambia: kama tatu imekufa, kuna mahali waya umeumia, mzee wangu, tafuta mahali hapo kwanza. Kanipa tatu nyingine. Nimeipokea kwa adabu. Kisha nikaazima pasi yake ya umeme, eti ninyooshe kanzu ya sherehe.

Pasi ina plagi. Plagi ina kumi na tatu. Nadhani inatosha kuandika hapa.

Jumapili, 7 Agosti

Inalia! Inalia! Kumi na tatu ni mwanamume! Nimesimama katikati ya chumba nikicheza peke yangu, santuri inazunguka, na kuku wa Hidaya wamehamia kwa jirani.

Pasi nimemrudishia Agustino tangu jana, ndani yake ile tatu aliyonipa. Si wizi. Ni kubadilishana walinzi. Asubuhi ya leo, nasikia, pasi ilimfia katikati ya suruali ya kanisani. Kaingia misani mguu mmoja umenyooka kama upanga, mwingine kama jani la mgomba lililokaushwa. Nimecheka mpaka nimelia. Mungu anisamehe, lakini baadaye kidogo.

Pazi kateremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi. Hakuitazama spika. Kainama, kautazama mguu wa kitanda muda mrefu, kasema kwamba waya pale umefura na una joto. Maneno yake yote ya mwezi huu! Nikamwambia umeme ni damu, na damu ina joto, na yeye arudi kwa mdalasini wake.

Chumba kina harufu ya mpira. Nimefukiza udi.

Jumanne, 9 Agosti

Aibu. Agustino kaja na bisibisi na ile suruali begani kama ushahidi. Kafungua plagi ya spika mbele ya Hidaya, katoa kumi na tatu yake, kaibusu, kaitia mfukoni.

Akasema tena, safari hii kwa Hidaya: atampa mzee tatu ya bure, hata leo, ila spika ipelekwe kwake pamoja na waya wake autazame wote. Bila hivyo hatoi hata moja, maana mwali yumo ndani ya nyumba hii na yeye hataki dhambi yake.

Hidaya kaniangalia. Kasema, Kaka, si uipeleke? Nikasema nitafikiri. Kupeleka! Wanaume wanne waibebe tena mtaani, Mikidadi akiimba nyuma! Afadhali kuni.

Hapana. Kuni pia sitaki. Jana Asia kanisalimia kutoka nyuma ya pazia, shikamoo mjomba, kauliza kama ni kweli nitamtoa mimi. Nikasema marahaba, mimi, nani mwingine? Akacheka kwa furaha. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni mpaka Kinole na kurudi, mafuriko yalipochukua daraja. Pazi atamshika mkono kwa lipi?

Alhamisi, 11 Agosti

Nimejaribu karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimeikunja ikakaa kwenye plagi vizuri, kofia kwa kofia. Ilidumu nusu ya wimbo. Halafu ikatoa mwanga kama radi, na nyusi yangu ya kushoto haipo.

Nikakaa kufikiri. Tatu ilikufa. Sigara imekufa. Kumi na tatu haikufa, lakini ni ya mtu. Kumbe tatizo la fyuzi zote ni hizo namba! Ukishamwandikia mtu namba, umemwonyesha mahali pa kuchokea.

Msumari hauna namba.

Nimekata wa inchi moja, nikausugua kwa mchanga, nikaupachika. Spika imenguruma kama fahali! Nimeiacha wimbo mzima. Blanketi karibu na mguu wa kitanda limepata rangi ya chai. Nimeligeuza upande wa pili.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umepakwa asali.

Watu walijaa uani na barabarani. Mikidadi kaja na ngoma kwapani, eti haiwezi kubaki nyumbani peke yake, inaogopa. Agustino kaja na suruali imenyooka miguu yote miwili, kasimama karibu na mlango wa kutokea. Nikaiweka spika kwenye dirisha la chumba changu, ikitazama watu. Santuri juu. Msumari ndani.

Ikalia! Mji mzima ukasikia! Niliona uso wa Mikidadi ukipungua. Hidaya kavaa kanga mpya, kaniambia haya, Kaka, simama mlangoni. Kutoka kwake hakuna maneno makubwa kuliko hayo.

Mimi nina adabu. Wakaingia bibi zetu watatu wa ukoo, wanene, wamechoka na njia, hawana pa kukaa. Nikawakalisha mwenyewe kitandani kwangu.

Nikasimama mlangoni, nikanyoosha mkono nyuma kwa heshima, bila kugeuka, ili watu waone kanzu. Nikasema kwa sauti, njoo mwanangu. Nyuma yangu kitanda kikalia.

Waya ulipiga kelele kama paka. Spika ikatapika moshi. Godoro la sufi likashika moto, bibi watatu wakaruka kama wasichana. Msumari haukufa, hapana! Ulikaa imara kazini mpaka kilichokufa ni fyuzi ya nguzo huko nje. Redio ya hoteli ikanyamaza, kinu cha unga cha jirani kikasimama, na fundi cherehani wa ng'ambo akaanza kutaja majina ya wazazi wangu.

Sikukimbia. Niliuchomoa ule waya kwa mkono, ndiyo asali hii. Nikaita Asia! Asia! Moshi ulikuwa umejaa ukumbini, chumba cha mwali hakionekani.

Kumbe Pazi hakuwa mbele kutazama spika. Alikuwa nyuma tangu asubuhi, na ndoo mbili za mchanga. Akamfunika Asia kanga, akamtoa kwa mlango wa jikoni, mkono kwa mkono. Alipotokeza tu uani, Mikidadi akaipiga ngoma, akaita watu wote wageuke, kana kwamba tangu mwanzo mambo yalipangwa hivyo. Vigelegele! Wageni wa mbali wanasema hawajaona mwali aliyetolewa kwa moshi na radi, na kwamba Waluguru wa mjini wana mambo.

Mimi nilikuwa bado mlango wa mbele, mkono nimenyoosha. Nikashika moshi.

Jumapili, 14 Agosti

Watani wamemzika spika. Mikidadi kaja na ukoo wake wote, wakaivika shuka langu, wakaibeba mtaani wakilia kwa sauti. Kaburi walichimba nyuma ya choo. Mikidadi kaingia kaburini akalala chali, kama mtani anavyofanya msiba wa mtu, akasema hatoki mpaka mfiwa atoe jogoo. Akanisomea wasifu: marehemu alikuja kwa mkokoteni, akasema wimbo mmoja, akauawa na msumari wa kaka yake.

Kukasirika siruhusiwi. Nikatoa jogoo. Jogoo wa Hidaya.

Agustino akatupa fyuzi ya tatu kaburini, kasema ndiyo dawa aliyokosa marehemu. Nikaona hata Pazi anacheka, na meno anayo.

Jioni Asia kaja mwenyewe kunipaka asali. Kasema kupitia jikoni ilikuwa vizuri, ila alikuwa ameshazoea kufikiri itakuwa mimi. Udi ulikuwa umeniingia machoni. Ule wa juzi.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimepima mambo bila hasira. Spika imekufa. Waya umekufa. Godoro ni majivu, na nguzo watu wa umeme wamekuja kuitengeneza kwa ngazi. Katika plagi nimeukuta msumari ule mzima, haujapinda, haujatoa hata jasho. Vyote vimekufa, wenyewe uko hai! Sasa niambiwe, kosa lilikuwa la nani? Kosa ni la bibi watatu. Laiti wangekuwa wembamba.

Hidaya kaniita. Bado yupo mdogo wake Asia, Mosi, na zamu yake ya kuwa mwali itafika. Kasema nitamtoa mimi, Pazi mwenyewe ameomba iwe hivyo. Lakini niape kwanza, mkono huu wenye asali juu, kwamba sitaleta spika nyumbani kwake tena.

Nimeapa. Kwa moyo safi kabisa. Spika, kamwe.

Nasikia karani mmoja wa reli anahama na ana pangaboi kubwa ya kuning'iniza darini. Siku ile kutakuwa na joto, na mwali anahitaji upepo. Pangaboi haikutajwa.

Msumari nimeufunga kwenye pindo la shuka.